Kutoka Jiwe la Sukhothai hadi Taipureta

Mwaka 1833 mtawa mmoja wa Kibuddha, mwana wa mfalme, alizuru magofu ya Sukhothai, mji mkuu wa kale, na kukuta nguzo fupi ya jiwe, pande zake nne zimejaa maandishi. Mtawa huyo ni Mongkut, ambaye mwaka 1851 alitawazwa kuwa mfalme wa Siam, Thailand ya leo. Jiwe lilipelekwa Bangkok. Lenyewe linaeleza kwamba herufi zake, za Kithai, zilitungwa na Ramkhamhaeng, mfalme wa Sukhothai, mwaka 1205 wa kalenda ya Saka, yaani 1283.

Mfalme hakuanzia patupu. Majirani zake Wakhmer walikuwa na mwandiko wao kwa karne nyingi, nao ulitokana na herufi za Pallava za kusini mwa India. Tatizo ni kwamba Kikhmer hakina toni, na Kithai hakisemeki bila toni. Anayejua Kikuyu au Kihaya ataelewa mara moja: silabi ile ile, ikipanda au kushuka, inazaa neno jingine. Jiwe la Sukhothai lina alama mbili za toni juu ya herufi. Leo Kithai kina alama nne kwa toni tano.

Lakini alama peke yake haitoshi. Konsonanti 44 zimegawanywa katika madaraja matatu, ya juu, ya kati na ya chini, na toni hupatikana kwa kuunganisha daraja na alama. Chukua herufi mbili kati ya zile zinazosomeka «kh», moja ya daraja la juu na nyingine la chini. Andika «kha» kwa ile ya juu, uweke alama ya kwanza, utapata toni ya chini na jina la kiungo kinachofanana na tangawizi. Alama hiyo hiyo juu ya ile ya chini inaleta toni inayoshuka, na neno linakuwa «thamani». Zamani herufi hizo zilikuwa na sauti tofauti. Sauti zilipokutana, tofauti yao ilihamia kwenye toni, nayo tahajia ikabaki ilivyokuwa.

Tahajia hiyo iliwahi kuguswa: mwaka 1942 Waziri Mkuu Phibun aliamua kupunguza konsonanti hadi 31 ili kurahisisha uandishi. Mageuzi hayo yalifutwa mwaka 1944, baada ya yeye kuanguka.

Jiwe lenyewe nalo limetiliwa shaka. Miaka ya 1980 wanazuoni kama Michael Vickery na Piriya Krairiksh walidai kwamba jiwe lilichongwa zama za Mongkut. Hoja yao moja ina uzito: kwenye jiwe irabu zimepangwa mstari mmoja na konsonanti, ilhali Kithai huziweka pia juu na chini yake. Tena Mongkut mwenyewe alibuni mwandiko wa Kipali, lugha ya maandiko ya Kibuddha, uliopangwa hivyo hivyo.

Hata hivyo, mimi naegemea upande wa jiwe, kwa sababu ya herufi mbili za kundi la «kh» zilizokwisha kuachwa, moja yenye jina la chupa, nyingine la mtu. Jiwe linazitenga na wenzao kwa mpangilio unaoafikiana na lugha za jamaa, kama ile ya Wathai Weupe wa kaskazini mwa Vietnam. Mghushi wa karne ya 19 angeujulia wapi mpangilio huo, wakati isimu linganishi ya lugha hizo haikuwepo?

Herufi hizo hizo ndizo alizoziacha Edwin McFarland, mtoto wa mmisionari Mmarekani, alipotengeneza taipureta ya kwanza ya Kithai mwanzoni mwa miaka ya 1890. Funguo hazikutosha, na matumizi yake yalikuwa yamekwisha kufifia. Watoto wa Thailand bado wanazikariri katika orodha ya 44, na kibodi za kompyuta zimezirudisha, ingawa tahajia ya leo haina neno linalozihitaji.