Wamama, tusioshe uke ndani kwa sabuni

Katika Kalima, mji wa kasiterite katika eneo la Pangi, binti akikaribia kuolewa husikia shauri hili: ajisafishe ndani kwa sabuni, ndimu, chumvi au shabu ili mume asimchukie. Sisi wachungaji huletewa matunda yake bila kuambiwa mbegu. Mume anasema mke ananuka, basi ametembea nje. Ndiyo sababu tunaandika wazi.

Uke wenye afya ni mchachu. Uchachu hupimwa kwa kipimo kinachoitwa pH, kuanzia 0 hadi 14. Maji safi ni 7. Chini ya hapo ni uchachu. Uke wa mwanamke anayepata hedhi huwa kati ya 3,8 na 4,5, karibu sawa na nyanya. Kazi hiyo hufanywa na bakteria wema, laktobasili, wanaogeuza sukari ya ukuta wa uke kuwa asidi. Mganga Mjerumani Albert Döderlein aliwaeleza mwaka 1892. Wao ni walinzi wa lango.

Damu ya hedhi na mbegu za mume zote hupita 7, kwa hiyo uchachu hupungua siku hizo, kisha hurudi wenyewe. Lakini sabuni ya kawaida hufika 9 au 10, na ikiingizwa ndani huwafukuza walinzi. Bakteria wengine huongezeka, unatoka ute mwembamba wa kijivu wenye harufu ya samaki, hasa baada ya tendo la ndoa. Mama anaona aibu, anaosha zaidi, na harufu inazidi! Ndimu na shabu hazirudishi uchachu huo. Huunguza ngozi laini, na kidonda ni mlango wa virusi vya ukimwi.

Harufu hiyo peke yake si ushahidi wa uzinzi. Mwanamke mwaminifu huipata. (Wengine hutaja Mambo ya Walawi 15; sura ile inasema kuoga na kufua nguo, haisemi kuosha ndani.) Ila isipuuzwe: huongeza hatari ya kuambukizwa ukimwi, na kwa mjamzito, ya kuzaa kabla ya wakati.

Vidonge vya sokoni tusivitumie kwa kubahatisha. Metronidazoli hutibu bakteria hao, haitibu fangasi, ambao huleta muwasho na ute mzito kama maziwa yaliyoganda, mara nyingi pH ikiwa haijabadilika. Tena antibiotiki zenyewe huua laktobasili na kuwapa fangasi nafasi.

Nje paoshwe kwa maji safi, ndani hujisafisha. Vitambaa vya hedhi vifuliwe na kuanikwa juani, hata kama majirani wataviona. Mama aliyeacha hedhi asishangae: uchachu wake hupungua kwa umri. Mwenye homa, maumivu chini ya tumbo, ute wa njano au kijani, au mwenye mimba, aende kituo cha afya, na mume amsindikize, maana kuna maambukizo yanayotibiwa kwa wote wawili pamoja.