KUPUNGUZA MWILI KWA MTU WA KYELA: SAHANI YA WALI, MAWESE NA MIGUU YAKO

Leo tuongelee kitambi. Huku kwetu, kuanzia Talatala na Ipinda mpaka Matema na Kasumulu, mtu akinenepa anaambiwa maisha yamemkubali. Akikonda tu, minong'ono inaanza: huyo ana ngoma. Ndiyo maana kuna watu, hasa kina dada, wanaogopa kupungua hata kama presha imeshapanda.

Sasa ukweli ni huu. Mwili haumwambii jirani kama una VVU au huna. Anayetumia ARV vizuri anaweza kuwa na mwili wake mzuri kuliko wewe. Anayepungua kwa makusudi anashuka taratibu, kama nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki, na nguvu anabaki nazo. Ila mtu anayeisha bila kubadili chochote, anakohoa wiki mbili, anatoka jasho usiku, au anakunywa maji na kukojoa kupita kawaida, huyo aende kituo cha afya akapime TB, sukari na VVU. Asisubiri wambea.

Utajuaje umezidi? Chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mfano kilo 80, urefu mita 1.65: inakuja kama 29. Kuanzia 25 umezidi, kuanzia 30 ni unene uliopitiliza. Kama hesabu ilikushinda shule, azima futi kamba ya fundi cherehani upime kiuno. Mwanaume akivuka sentimita 94 na mwanamke 80, hatari ya kisukari na moyo imeanza kupanda.

Haya, tuje kwenye sahani. Mchele wa Kyela unanukia mpaka Dar wanaugombania, na sisi wenyewe tunaupiga mlima. Gramu 100 za wali mtupu zina kama kalori 130, na sahani iliyojaa inafika nusu kilo. Piga hesabu mwenyewe, na hapo mafuta bado. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kama kalori 120, na mawese nayo ni mafuta, jamani! Yana faida yake, yale mekundu yanaupa mwili vitamini A, lakini kwenye ndizi wengine wanayamimina kama maji. Pima kwa kijiko, usikadirie kwa jicho.

Hakuna haja ya kuacha wali wala mbalaga. Punguza ubaki robo ya sahani, robo nyingine weka mbasa, dagaa au maharage, halafu nusu nzima iwe mboga: matembele, kisamvu, majani ya maboga. Samaki wa kuchoma au wa mchuzi ni bora kuliko aliyeogelea kwenye mafuta. Kushinda njaa mchana halafu usiku unafidia na chipsi mayai, hapo hujafanya kitu.

Vinywaji ndiyo vinatumaliza kimya kimya. Soda moja ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko 9 vya chai, wakati Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba ikiwezekana tusizidi kama vijiko 6 kwa siku nzima. Kuichoma soda hiyo unahitaji karibu nusu saa ya kutembea kwa kasi. Bia na kimpumu vilevile, pombe ina kalori kibao.

Mazoezi? Lengo ni dakika 150 kwa wiki au zaidi, yaani nusu saa kwa siku tano, mwendo wa kukufanya uhemeke lakini bado unaweza kuongea. Kyela ni tambarare, baiskeli inateleza yenyewe, sema siku hizi hata kwenda dukani tunapanda bodaboda! Joto letu nalo si la mchezo, hivyo toka alfajiri au jioni. Anayelima majaruba kwa jembe ameshafanya mazoezi yake, asisumbuliwe. Masika mvua ikigoma kukatika, ruka kamba kibarazani, chuchumaa na kuinuka mara 15, pumzika, rudia. Kuogelea ziwani ni kuzuri, ila kaa mbali na midomo ya mito, mamba wapo, na kwenye maji yaliyotulia yenye majani kuna kichocho.