Kambi ya Babu Zetu Kando ya Ziwa

Tulipowaambia jirani zetu wa Temeke kwamba wakati wa likizo twataka kuwachukua wana wetu wakalale hemani kando ya ziwa, huko milimani, walicheka sana. Mmoja akasema, "Mwalimu amepatwa na nini? Ana nyumba nzuri ya bati, naye aenda kulala nje!" Rafiki wa Kinondoni akaongeza, "Hayo ni mambo ya Wazungu." Lakini mzee mmoja wa jamaa yetu hakucheka. Alisema, "Baba yangu alilala porini siku za vita, na mzigo wa Serikali kichwani. Aliporudi aliapa kwamba mwanawe hatalala nje tena. Nanyi mwaenda kwa hiari?"

Maneno hayo mawili yalitufikirisha. Je, kambi ni desturi ya Wazungu? Na kama ni yetu, mbona wazee wetu waliichukia? Tukatafuta katika habari za kale, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Kwanza, neno lenyewe. Mwingereza Richard Burton alitoka pwani karibu na Bagamoyo mwaka 1857, akafika Ujiji mwaka 1858. Katika kitabu chake kilichopigwa chapa mwaka 1860 aliandika neno "khambi", yaani kambi yetu hii. Stanley naye akaliandika hivyo hivyo katika kitabu chake cha mwaka 1872. Mgeni haazimi neno la mwenyeji bure; huliazima kwa sababu amekikuta kitu kwa mwenyeji.

Na kitu hicho kilikuwa na utaratibu wake. Wapagazi walipotua mizigo, ambayo mara nyingi ilikuwa ratli 60 au 70, hawakulala ovyo. Wengine walikata matawi na nyasi wakajenga vibanda; wengine walileta miiba wakazungusha boma; wengine walikwenda kutafuta maji na kuni. Kisha kila kikundi kiliketi penye moto wake na chungu chake. Wala hawakuwa wanaume peke yao. Katika misafara ya Wanyamwezi wake na watoto walifuatana na waume zao, wakipika na kuchukua vyombo, na watoto wengine wakabebwa mgongoni. Basi jamaa nzima kulala kambini si jambo geni katika nchi hii.

Sasa tutazame safari moja iliyoanzia papa hapa Dar es Salaam. Mwezi wa Mei 1879 ulitoka msafara wa watu kama 150, ukaingia katika nchi ya Wazaramo, ambayo Temeke na Kinondoni za leo ni sehemu yake. Msafara ulitumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London, na mkubwa wake alikuwa Keith Johnston, mchora ramani. Bwana huyo alishikwa na ugonjwa wa kuhara damu, akafa Behobeho, karibu na mto Rufiji, mwezi wa Juni. Akabaki Joseph Thomson, kijana wa miaka 21 tu, ambaye hajapata kuongoza msafara maishani mwake.

Lakini msafara haukufa, kwa maana alikuwapo James Chuma, kiongozi wa wapagazi. Chuma alikuwa Myao. Alipokuwa mtoto alikamatwa na wafanya biashara ya watumwa, akakombolewa mwaka 1861 na Livingstone na wamisheni waliokuwa pamoja naye. Baadaye alisafiri na Livingstone miaka mingi. Naye, pamoja na Susi na wenzao, ndio walioichukua maiti yake kutoka Chitambo hata Bagamoyo, wakafika mwaka 1874. Mtu huyu alijua njia, lugha na tabia za watu, na zaidi ya yote alijua kutunza kambi.

Wakapita Uhehe, na mwezi wa Septemba 1879 wakafika ncha ya kaskazini ya ziwa Nyasa, mahali milima inapoinuka juu ya maji. Kisha wakaenda hata ncha ya kusini ya ziwa Tanganyika. Huko, mahali panapoitwa Iendwe, Thomson aliwaacha watu walio wengi mikononi mwa Chuma, naye akaenda na wachache kuutazama mto Lukuga. Kwa muda wa miezi kadhaa Chuma alikaa kando ya ziwa na watu hao, mbali na kwao, akiwatafutia posho na kuwatunza. Thomson aliporudi aliwakuta wakimngoja. Mwezi wa Julai 1880 msafara ulifika Bagamoyo. Na katika wapagazi wote waliotoka pwani, aliyekufa ni mmoja tu. Katika siku zile, hilo lilikuwa ajabu.

Basi, mbona wazee wetu waliichukia kambi? Yapo mambo mawili. La kwanza ni reli. Wadachi walianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Njia za wapagazi zikaota majani. La pili ni vita vya 1914 hata 1918. Majeshi ya pande zote mbili yaliwachukua watu kwa nguvu wabebe mizigo. Hao hawakuwa na Chuma wa kuwatunza, nao wakafa makumi ya maelfu kwa njaa, baridi na kuhara. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, wapagazi wao wa vita walipiga kambi mahali ambapo leo kuna soko kubwa. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, likageuka vinywani mwa watu likawa Kariakoo. Kila tuendapo kununua mboga twalitaja jina la kambi ya huzuni, wala hatujui.

Hapo tulimwelewa mzee wetu. Baba yake hakuichukia kambi. Aliuchukia utumwa uliofanyika kambini. Chombo kimoja chaweza kutiwa asali au sumu.

Basi tulikwenda. Stesheni ya TAZARA iko Temeke yetu, na reli hiyo, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, yafika Mbeya. Kutoka Mbeya njia yashuka kwa Tukuyu na Kyela hata Matema, chini ya milima ya Livingstone, penye mchanga na maji safi ya ziwa Nyasa. Tuliwapa wana wetu kazi kama za zamani: huyu kuni, huyu maji ya kuchemsha, huyu kuhesabu watu kabla ya kulala. Tuliwakataza kuoga karibu na midomo ya mito, kwa ajili ya mamba, na kuingia majini upepo unapovuma. Tukawaonyesha vyungu vya wanawake wa Kikisi katika soko la Lyulilo. Usiku, penye moto, tukawasimulia habari za Chuma.

Mtoto wetu mdogo akauliza, "Na yeye alilala chini kama sisi?" Tukajibu, "Ndiyo, mwanangu, tena aliamka wa kwanza."

Ndugu, Waisraeli waliamriwa kukaa vibandani siku saba kila mwaka, ili vizazi vyao vijue jinsi baba zao walivyokaa walipotoka utumwani. Nasi tusione haya. Mwacha asili ni mtumwa. Tuliporudi tulimletea mzee wetu chungu cha Kikisi. Alikigeuza-geuza mikononi, akanyamaza kitambo, kisha akauliza, "Mwaka ujao mtakwenda lini?"