Chanjo ya nyongeza au chanjo ya marudio?

Kadi ya chanjo ya mbwa anayeishi Shard End, mashariki mwa Birmingham, ina herufi zisizokwenda kwa mwendo mmoja. DHP ni distempa, homa ya ini ya mbwa na parvo. L ni leptospirosisi. Mbwa akishamaliza chanjo za mwanzo, L hurudiwa kila mwaka, ilhali DHP kwa kawaida hurudiwa baada ya miaka mitatu. Kwa Kiswahili zote mbili tunaziita "chanjo ya nyongeza", jina tulilolizoea zaidi redioni wakati wa UVIKO-19, na hapo ndipo mfugaji anapopotea. Anadhani dawa ni ile ile na sababu ni ile ile, basi ama anachanja kila kitu kila mwaka, ama anaacha vyote.

Nyongeza huongezwa kwenye kilichopungua, kama mafuta ya taa kwenye kandili. Kwa DHP maana hiyo haikai sawa. Chanjo hiyo ina virusi hai vilivyopunguzwa makali. Vikiingia huzaliana kidogo, mwili unavitambua, na kumbukumbu yake hudumu miaka mingi, kwa mbwa wengi pengine maisha yote. Ama imeshika, ama haikushika.

Kinachoizuia isishike ni mama. Mtoto wa mbwa hunyonya dang'a saa chache baada ya kuzaliwa, na ndani yake mna kingamwili za mama yake. Zinamlinda wiki za mwanzo, lakini zinaipiga pia chanjo kabla haijafanya kazi. Kwa mmoja huisha akiwa na wiki nane, kwa ndugu yake wa tumbo moja huenda zikafika wiki ya kumi na nne, na kwa kumtazama tu huwezi kujua. Ndiyo maana mwongozo wa WSAVA, shirikisho la dunia la vyama vya madaktari wa wanyama wadogo, unataka dozi zirudiwe kila wiki mbili hadi nne mpaka mtoto atimize wiki 16 au azidi, kisha nyingine akiwa na miezi sita hivi, au asizidishe mwaka. Sindano hizo haziongezi chochote juu ya kingine. Kila moja inajaribu tena pale ambapo iliyotangulia huenda ilishindwa. Mimi naziita chanjo za marudio, na ningependa madaktari wetu waziite hivyo, maana mtu akisikia "nyongeza" huona kuiruka moja ni hasara ndogo, kumbe aliyoiruka huenda ndiyo ingeshika.

Nyongeza tuiachie leptospirosisi. Chanjo yake ina bakteria waliouawa, hivyo hupigwa dozi mbili kwa kufuatana wiki chache, na kinga yake hutegemewa mwaka mmoja tu. Hapo kweli kinapungua kitu, na kweli tunaongeza. Shard End jambo hili si la kusoma tu: mto Cole unapita hapo, ndani ya Kingfisher Country Park, na mbwa akifunguliwa mkanda hukimbilia maji na madimbwi ya kingoni. Panya hutoa bakteria hao kwenye mkojo, na maji huwabeba. Wasomaji wa Tanzania wanaujua ugonjwa huu kwa jina la homa ya mgunda, uliotangazwa Julai 2022 baada ya kuua watu wilayani Ruangwa, Lindi. Humpata binadamu kama unavyompata mbwa. Kwa anayetembeza mbwa kando ya Cole, sindano ya L ya kila mwaka si ya kubishania.

Istilahi ya pili inayotakiwa ni muda wa kinga. Kwenye maelezo ya dawa utaona miaka mitatu, na wengi huisoma kama tarehe ya kuharibika kwa maziwa. Sivyo. Watengenezaji waliwafuatilia mbwa kwa muda huo, wakathibitisha kwamba kinga bado ipo, wakaombea leseni. Kinga haifi siku inayofuata. Tafsiri ya haki ingekuwa "muda wa chini wa kinga uliothibitishwa". Ni ndefu, lakini haidanganyi. WSAVA nao hawasemi DHP ya mbwa mzima irudiwe miaka mitatu kamili. Wanasema isirudiwe mapema kuliko hapo. Asiyetaka kukisia aombe kipimo cha kingamwili. Mbwa mzima mwenye kingamwili za distempa, homa ya ini na parvo amekingwa. Kwa L kipimo hicho hakifai kitu, kwa sababu kingamwili hushuka upesi na wingi wake hauonyeshi kama mbwa amekingwa.

Kichaa cha mbwa kina hesabu zake. Uingereza iliutokomeza ugonjwa huo kwa wanyama wa nchi kavu mwaka 1922, basi mbwa wengi wa Shard End hawachanjwi mpaka wasafiri. Anayetaka kumhamishia huko mbwa wake kutoka Tanzania au Kenya hutakiwa mbwa huyo apimwe damu siku zisizopungua 30 baada ya chanjo, kingamwili zifike vipimo vya kimataifa 0.5 kwa mililita, halafu asubiri miezi mitatu tangu damu ichukuliwe. Hapa muda wa kinga ni wa kisheria: tarehe iliyoandikwa kwenye cheti ikipita, kinga ya mwilini haihesabiwi.

Nyumbani tuna "chanjo ya kila mwaka" ya kijiji kizima, na hiyo nayo ina sababu nyingine. Kwa chanjo nyingi, mbwa aliyechanjwa kichaa mwaka jana huenda bado amekingwa. Ila mbwa wetu hawaishi sana, na watoto huzaliwa kila msimu bila kinga, hivyo kijiji kilichofikia asilimia 70 ya mbwa waliochanjwa hushuka chini yake upesi. Pemba walichanja mbwa kwa kampeni, ugonjwa ukakoma mwaka 2014, ukaingia tena 2016, wakarudia kampeni mpaka ukakatika 2018. Waliokuwa wakifukuzana nao mwaka hadi mwaka ni mbwa wapya.