Nikirudi 1886 nifute mpaka, mimi nitatoka wapi?

Wasee, mkipewa mashine ya kurudi nyuma katika wakati, najua wengi mtakimbilia kununua mashamba Nairobi kwa bei ya zamani. Mimi ningeenda Ulaya, mwishoni mwa 1886, nimwage wino.

Mwaka huo Uingereza na Ujerumani walikubaliana kugawana nchi yetu. Mstari ulianzia mdomo wa mto Umba kule Pwani, ukazunguka Kilimanjaro upande wa kaskazini, ukanyooka hadi Ziwa Victoria. Huku kwetu Kehancha ukapasua Wakuria katikati. Abairege wako Kenya na wako Tarime, Tanzania. Abanyabasi na Abakira vilevile. Hakuna Mkuria aliyeulizwa.

Sasa shida iko hapa. Babu yangu ni wa Kehancha, nyanya yangu ni wa Tarime. Walijuana Isebania, kwa biashara ya mpakani. Nikiufuta mpaka, biashara hiyo haipo, hawajuani, baba hazaliwi, na mimi sizaliwi. Kama sikuzaliwa, nani alienda kumwaga wino? Basi mpaka uko. Basi nimezaliwa. Basi naenda tena kumwaga... Kichwa kinauma, si ndio?

Hiki ndicho kitendawili cha babu. Mwandishi Mfaransa René Barjavel alikitumia kwenye riwaya miaka ya 1940: msafiri anarudi nyuma na kumuua mzee wa ukoo wake. Mwanafizikia Mrusi Igor Novikov naye anajibu hivi: huwezi kubadilisha kitu, kwa sababu lolote utakalofanya kule tayari ni sehemu ya yaliyotokea. Ukimwaga wino, wataleta chupa nyingine.

Na ukiangalia historia, ni kama Novikov alizaliwa Kuria. Wajerumani walishindwa vita, Waingereza wakatawala pande zote mbili, na mstari ukabaki. Tanganyika ikapata uhuru 1961, Kenya 1963, ukabaki. Mwaka 1964 viongozi wa OAU wakakutana Cairo wakaamua mipaka ya mkoloni iheshimiwe. Hao hawakuhitaji mashine. Walikuwa na kalamu mkononi.

Nilimuuliza nyanya kama angependa niufute. Dada zake wote wako ng'ambo ile. Kukiwa na matanga, nusu ya familia inavuka. Akanicheka.

"Jana iache, mjukuu wangu, ndiyo iliyokuleta. Kama una nguvu, ufute kesho."

Mashine nimerudisha.