Sabufa na Njaa Yake ya Stima

Wale mnaopitia ukurasa huu mnajua kazi yangu ni kuandika programu. Leo programu zikae kando kidogo. Nataka kuongea juu ya sabufa, maana imenikosesha usingizi na kunirudisha kwenye historia.

Nilikuwa najiundia sauraundi ya nyumbani: spika tano ndogo, sabufa ya inchi 12 ndani ya kasha la mbao, na amplifaya ya gari yenye stika ya wati 1000. Amplifaya ya gari hula volti 12. Pawa saplai ya tarakilishi yangu kuukuu hutoa volti 12. Nikaona nimemaliza kazi. Filamu ikaenda sawa mpaka bomu la kwanza: kishindo kimoja, kisha kimya. Pawa saplai imejizima. Nikaiwasha, bomu la pili, kimya tena. Mke wangu akauliza kama filamu imekwisha.

Hesabu ningeifanya mapema. Pawa saplai iliandikwa ampea 15 kwenye volti 12, yaani wati 180 tu. Amplifaya nayo ilikuwa na fyuzi ya ampea 30. Zidisha kwa 12 upate 360, kisha utoe karibu nusu inayopotea kama joto. Zinabaki wati 200 hivi. Zile nyingine zilikuwa za stika.

Uongo huu wa wati si wa juzi. Huko Marekani ulizidi hadi serikali, kupitia tume yake ya biashara FTC, ikatoa kanuni mwaka 1974 ya jinsi ya kupima na kutangaza nguvu za amplifaya za nyumbani. Za gari hazikuguswa, ndiyo maana stika zao bado zina ujasiri.

Lakini kwa nini sabufa ina njaa hivi? Ukishuka kutoka hezi 80 hadi 40 na bado unataka sauti ya nguvu ile ile, koni lazima isogee mara nne zaidi. Halafu masikio yetu ni mazito kwa besi, jambo ambalo Fletcher na Munson walilipima mwaka 1933.

Zamani dawa ilikuwa kasha kubwa. Amplifaya za kumbi za sinema zilitoa wati chache, kwa hiyo walitengeneza mapembe makubwa kama kabati ili kila wati isikike. Mwaka 1954 Edgar Villchur akaleta spika ya AR-1. Aliliziba kasha kabisa, na hewa iliyofungiwa ndani ikawa ndiyo springi ya koni. Besi nzito ikatoka kwenye kasha la kuwekwa rafuni. Bei yake? Spika ikawa mvivu, ikadai amplifaya yenye nguvu zaidi. Josef Hofmann, yule mwenye H katika kampuni ya KLH, alilieleza jambo hili vizuri: besi ya chini, kasha dogo, matumizi madogo ya nguvu, chagua mawili. Kila sabufa unayoiona dukani ni jibu la swali hilo.

Sinema nazo zikachochea moto. Mwaka 1974 filamu ya Earthquake ilikuja na mfumo wa Sensurround: spika kubwa za besi na amplifaya zake zenyewe, zililetwa ukumbini ili kiti chako kitetemeke. Mwaka 1987 Tomlinson Holman akapendekeza mpangilio wa 5.1, na mwaka 1992 Batman Returns ikatoka na Dolby Digital yenye chaneli hizo sita.

Hapa ndipo mimi kama mwandishi wa programu nilicheka peke yangu. Ile nukta moja ni chaneli ya besi. Inaitwa hivyo kwa sababu inabeba kipande kidogo tu cha masafa ya sauti, mwisho hezi 120. Kwa data ni karibu si kitu. Lakini imepangwa iweze kupiga desibeli 10 juu ya chaneli nyingine yoyote, na desibeli 10 ni nguvu mara kumi. Mdogo wa nyumba ndiye anayemaliza sufuria.

Ndiyo maana sabufa za nyumbani zikaanza kuja na amplifaya ndani ya kasha. Mwaka 1996 Bob Carver aliuza ya Sunfire, kasha la inchi 11 kila upande, akitangaza wati 2700. Siku hizi amplifaya za aina ya D, zinazowasha na kuzima badala ya kupima kama bomba, zimepunguza sana joto lile.

Na yangu? Nilikumbuka matatu: muziki wao hautoki kwa pawa saplai, unatoka kwa betri. Betri haitoi ampea nyingi siku nzima, ila kwa nusu sekunde ya bomu inatoa mamia. Nikaweka betri ya gari na chaja, fyuzi karibu kabisa na betri, na vyote nje kwenye baraza, kwa sababu betri ikichajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka. Filamu imefika mwisho. Jirani wa chini sasa anaulizia ratiba.