Nyota yenye mkia: watazamaji wa kawaida huitambuaje?

Nyota yenye mkia si nyota. Ni bonge la barafu na vumbi, mara nyingi lenye upana wa kilomita chache tu, ambalo likilikaribia jua hutoa gesi na vumbi. Wengi huichanganya na kimondo, lakini kimondo hupita kwa sekunde chache kikazimika, ilhali nyota yenye mkia huonekana kwa wiki au miezi.

Ikiwa bado mbali, katika darubini ndogo huonekana kama doa la ukungu. Hapo ndipo penye ugumu, kwani anga limejaa madoa kama hayo: vishada vya nyota, mawingu ya gesi na galaksi. Tofauti ni moja: madoa hayo hayahami, nyota yenye mkia huhama.

Doa maarufu kuliko yote liliandikwa na mwanafalaki Mwislamu, Abdul-Rahman as-Sufi, katika kitabu chake cha nyota cha mwaka 964. Alilitaja kama wingu dogo, naye hakuwa na darubini. Leo tunajua ni galaksi ya Andromeda. Mfaransa Charles Messier, aliyekuwa akisaka nyota zenye mikia, alilikuta doa lisilohama mwaka 1758, akaanza kuorodhesha madoa ya aina hiyo ili yasimpotoshe. Orodha yake, ambayo sasa ina vitu 110, ndiyo ambayo watazamaji wa kawaida hujifunzia hadi leo.

Faida yake ilidhihirika Julai 1995 huko Marekani. Thomas Bopp, mfanyakazi wa kampuni ya vifaa vya ujenzi, alikuwa jangwani Arizona akitazama kishada M70, kilichomo katika buruji ya Kausi, kwa darubini ya rafiki yake, maana yeye hakuwa nayo. Usiku huohuo Alan Hale, msomi wa falaki, alikuwa nyumbani kwake New Mexico akitazama kishada hichohicho. Kila mmoja aliona doa la pili lisilokuwemo katika ramani. Wakasubiri, doa likahama, wakatoa taarifa. Ndiyo Hale-Bopp, iliyoonekana kwa macho matupu kwa takriban miezi 18.

Nyota hiyohiyo ilionesha pia madhara ya kutochunguza. Mwishoni mwa 1996 mtazamaji mmoja aliipiga picha, akatangaza redioni kuwa kuna kitu cha ajabu kinachoifuata. Kilikuwa nyota ya kawaida, iliyomo katika orodha za nyota. Machi 1997, karibu na San Diego, watu 39 wa kundi moja la kidini walijiua, wakiamini kuwa chombo kinachoifuata Hale-Bopp kitawachukua.

Kwetu mlango huo umefungwa zamani. Jua lilipopatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), watu walihusisha mambo hayo mawili, naye akawakataza: jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kifo wala uhai wa mtu yeyote. Ndiyo sababu ya kutenganisha falaki, ambayo ni hesabu na uchunguzi, na kupiga ramli kwa nyota.

Siku hizi darubini za kompyuta hugundua nyota nyingi zenye mikia, lakini si zote. Mwaka 2019 Gennadiy Borisov, huko Crimea, kwa darubini aliyoiunda mwenyewe, aligundua ya kwanza kujulikana kutoka nje ya mfumo wetu wa jua. Agosti 2023 Hideo Nishimura wa Japani alipata nyingine kwa kamera ya kawaida.

Anayetaka kuanza hahitaji gharama kubwa. Darubini ya macho mawili inatosha, na mahali penye giza. Nyota zenye mikia hung'aa zaidi zinapokuwa karibu na jua, hivyo aghalabu hutafutwa magharibi baada ya Maghribi, palepale tunapotafuta mwezi mwandamo, au mashariki kabla ya Alfajiri. Ukiona doa, chora nyota zilizolizunguka, kisha rudi kesho yake uchore tena.